Pipa la Mafuta na Galoni Zake

Bila shaka, msomaji, umepata kusikia katika taarifa ya habari kwamba bei ya mafuta ghafi imepanda au imeshuka, na kwamba pipa moja sasa lauzwa dola kadha wa kadha. Maneno hayo hupita masikioni mwetu kila mara, nasi hatuyasimamishi kuyauliza swali. Pipa hilo ni lipi? Ukubwa wake ni upi? Nani aliyelipima kwanza, na kwa nini? Lau ungefunga safari kwenda bandari ya Mombasa kulitafuta, ungerudi mikono mitupu. Ungeona meli ndefu zilizotia nanga, mabomba yaliyolala ardhini na matangi ya chuma makubwa kama majumba. Lakini pipa la mbao lililojaa mafuta ghafi usingeliona hata moja. Mafuta ya dunia huhesabiwa kwa mapipa, lakini hayatiwi mapipani.

Katika insha hii nataka kukueleza pipa hilo lilikotoka, sababu ya kuwa na galoni 42, na sababu ya galoni hizo 42 kutokuwa sawa na galoni walizozijua wazee wetu wakati wa ukoloni. Kisha tutaona namna ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine. Hesabu yenyewe ni fupi, wala haimshindi mwanafunzi anayejua kugawanya. Historia yake ndiyo ndefu. Na asiyeijua historia hiyo hukosea hata hesabu.

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Zamani, kabla ya mizani za kizungu kuenea, watu wa pwani yetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na kila mtu sokoni alijua hivyo. Hata hivyo, mnunuzi mwerevu hakutosheka kusikia neno kibaba. Aliuliza: kibaba cha mfuto au kibaba cha tele? Kibaba cha mfuto ni kile kilichopanguswa juu kwa mkono au kijiti mpaka nafaka ikawa sawa na mdomo wa chombo. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilima juu yake. Chombo ni kimoja na jina ni moja, lakini nafaka si moja. Ndiyo maana watu walipatana kwanza juu ya kipimo, ndipo wakapatana juu ya bei.

Mfano huu una mafunzo mawili ambayo nakuomba uyashike mpaka mwisho wa insha. La kwanza, kipimo si kitu kilichoumbwa kama mlima au mto; kipimo ni mapatano ya watu. La pili, jina la kipimo halitoshi kukueleza kiasi chake. Ni lazima uulize: kwa mapatano ya nani?

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Katika karne za kati, nchi hiyo iliagiza mvinyo mwingi kutoka ng'ambo, hasa Ufaransa. Mvinyo ulisafirishwa katika makasiki ya mbao, na kasiki kubwa kabisa lilihesabiwa kuwa na galoni 252. Kasiki hilo liligawanywa kwa vyombo vidogo zaidi: nusu yake ilikuwa galoni 126, thuluthi galoni 84, robo galoni 63, na sudusi, yaani sehemu moja ya sita, galoni 42. Mwaka wa 1484, katika utawala wa Mfalme Richard III, Bunge la nchi hiyo liliviandika vipimo hivyo katika sheria, ili mfanyabiashara asimpunje mnunuzi kwa kasiki lililopunguzwa. Angalia vizuri hiyo namba 42. Imezaliwa katika biashara ya mvinyo, karibu miaka 400 kabla ya mtu yeyote kuchimba kisima cha mafuta huko Marekani.

Lakini galoni yenyewe ilikuwa kiasi gani? Hapo ndipo palipokuwa na fujo. Kwa muda mrefu Waingereza walikuwa na galoni zaidi ya moja. Ilikuwapo galoni ya mvinyo, ikawapo galoni ya pombe ya shayiri, na ikawapo galoni ya nafaka. Galoni ya mvinyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Mwaka wa 1707, wakati wa Malkia Anne, sheria iliipa ukubwa wa inchi 231 za ujazo. Galoni ya pombe ya shayiri ilikuwa na inchi 282, na ile ya nafaka inchi 268 na sehemu nane za kumi. Mtu akisema galoni bila kutaja ya kitu gani, alikuwa amesema nusu ya maneno.

Waingereza waliohamia Marekani walichukua vipimo hivyo pamoja na mizigo yao. Nchi hiyo ilipojitangazia uhuru mwaka wa 1776, ilimkataa mfalme, lakini haikuikataa galoni yake. Katika miaka ya 1830 serikali ya Marekani ilichagua galoni ya mvinyo, ile ya inchi 231, iwe galoni ya vitu vyote vya majimaji katika nchi nzima. Galoni hiyo ndiyo inayotumika Marekani hata leo.

Wakati huohuo Waingereza wenyewe walikuwa wamechoshwa na fujo yao. Mwaka wa 1824 Bunge lao lilipitisha sheria ya vipimo, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka wa 1826. Galoni zote za zamani zilifutwa, pamoja na ile ya mvinyo. Mahali pake pakawekwa galoni moja mpya, iliyoitwa galoni ya kifalme. Haikupimwa kwa inchi kwanza, bali kwa uzito: ni nafasi inayochukuliwa na ratili 10 za maji safi katika joto la digrii 62 za Farenhaiti. Nafasi hiyo ni kama inchi 277 na nusu za ujazo. Ukilinganisha galoni hiyo na ya Marekani, utaona kwamba galoni tano za kifalme ni karibu sawa na galoni sita za Kimarekani. Galoni ya kifalme ndiyo iliyoenezwa katika makoloni ya Uingereza, na ndiyo iliyofika Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hapa pana kioja, msomaji. Galoni ambayo leo twaiita ya Kimarekani ni galoni ya Kiingereza ya kale. Na ile tuliyozoea kuiita ya Kiingereza ni changa kuliko hiyo. Mtoto aliyehama alibaki na desturi ya nyumbani, na mzazi aliyebaki nyumbani ndiye aliyeibadili. Huu ndio mzizi wa taabu yote ya kugeuza vipimo vya mafuta.

Twende sasa mpaka jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, mwaka wa 1859. Karibu na mji mdogo uitwao Titusville kilipita kijito ambacho juu ya maji yake yalielea mafuta meusi. Mtu mmoja, jina lake Edwin Drake, alitumwa huko na kampuni iliyotaka kujua kama mafuta hayo yangeweza kupatikana kwa wingi. Watu walimcheka alipoanza kutoboa ardhi kama mtu anayetafuta chumvi. Mwishoni mwa Agosti, kekee ilipokuwa imefika kina cha futi 69 na nusu, mafuta yalionekana ndani ya shimo. Habari zikaenea, na bonde zima likajaa watu wenye tamaa ya utajiri.

Kupata mafuta lilikuwa jambo moja. Kuyatia mahali lilikuwa jambo lingine. Hapakuwa na matangi ya kutosha, wala mabomba. Wachimbaji walichukua chombo chochote kilichoweza kushika majimaji: mapipa ya wiski, ya bia, ya samaki wa chumvi, ya asali ya miwa na ya tapentaini. Baadhi yalikuwa makubwa, baadhi madogo, na mengi yalivuja. Mafundi wa mapipa walipata kazi isiyokwisha. Mwaka wa 1861, visima vilipotoa mafuta kuliko walivyohitaji wanunuzi, bei ilianguka kutoka dola 10 mwanzoni mwa mwaka mpaka senti 10 mwishoni mwake. Ikawa pipa tupu lina thamani kuliko mafuta yaliyomo ndani yake.

Fikiri shida ya mnunuzi katika siku hizo. Ameuziwa mapipa 100. Je, amenunua galoni ngapi? Muuzaji asema kila pipa lina galoni 40. Lakini mapipa hayalingani. Mengine yamevuja njiani katika magari ya farasi yaliyorushwarushwa katika barabara mbovu. Mengine chini yana maji na matope. Mnunuzi akifika mjini hukuta amelipia kitu ambacho hakipo. Mara ya pili atakapokuja, atataka kupunguziwa bei, au hatakuja kabisa. Biashara isiyo na kipimo kinachoaminika haiwezi kuishi muda mrefu, hata kama bidhaa yake ni nzuri namna gani.

Basi mwaka wa 1866 wenye visima wa bonde hilo walikutana na kupatana. Walisema kwamba pipa litahesabiwa kuwa galoni 40, lakini kwa kila galoni 40 mnunuzi atapewa galoni mbili za nyongeza bila malipo, ili kufidia yale yatakayovuja na matope yatakayokutwa chini. Arobaini na mbili zikawa arobaini na mbili. Je, hukumbuki kile kibaba cha tele? Wenye visima wa Pennsylvania walifanya vilevile: waliweka kilima juu ya kibaba, ili mnunuzi arudi. Mwaka wa 1872 chama cha wazalishaji wa mafuta kilikubali rasmi kwamba pipa ni galoni 42.

Lakini kwa nini nyongeza iwe galoni mbili hasa, wala si moja au tatu? Kumbuka sudusi ya kasiki la mvinyo. Mafundi wa mapipa wa Pennsylvania walikuwa wamezoea kutengeneza pipa la ukubwa huo, kwa sababu lilitumika tangu zamani kwa samaki, asali ya miwa, sabuni na vitu vingine. Likijazwa mafuta, uzito wake ulipita ratili 300, kadiri ambayo mtu mwenye nguvu aliweza kuihangaikia peke yake. Pipa kubwa zaidi lingemshinda mchukuzi, na dogo zaidi lingempunguzia faida mwenye mali. Hivyo desturi ya kale, nguvu za mwili wa binadamu na haja ya kuaminiana zilikutana katika namba moja.

Mapatano hayo yalipofanyika, pipa la mbao lilikuwa tayari limeanza safari ya kuelekea makaburini. Mwaka wa 1865 matangi ya mbao yalifungwa juu ya magari ya reli ili kubeba mafuta. Mwaka huohuo mtu aitwaye Samuel Van Syckel alilaza bomba la chuma la urefu wa zaidi ya maili tano kutoka mji wa mafuta ulioitwa Pithole mpaka kituo cha reli. Wenye magari ya farasi, ambao wakati mwingine walitoza nauli kubwa kuliko bei ya mafuta yenyewe, waliona riziki yao inakatwa, na baadhi yao walilivunja bomba hilo usiku. Lakini bomba halichoki wala halili nyasi. Mwaka wa 1892 meli iitwayo Murex ilipita katika mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta ya taa ya Urusi ndani ya matangi yake yenyewe, bila pipa wala kasha. Mafuta yakawa yanavuka bahari kama maji mtungini.

Pipa la mbao likafa, lakini jina lake halikufa. Wafanyabiashara walikwisha kuandika mikataba, kodi na bei kwa mapipa. Hawakuona faida ya kubadili desturi iliyoaminiwa. Pipa likageuka kutoka kitu cha kushikwa kwa mikono likawa namba ya kuandikwa daftarini: galoni 42 za Kimarekani, basi. Katika vitabu vya biashara pipa huandikwa kwa herufi tatu, bbl. Wako wasemao kwamba herufi hizo zatokana na mapipa ya rangi ya buluu ya kampuni moja kubwa ya Marekani. Hadithi hiyo yapendeza, lakini si kweli; maana herufi hizo zaonekana katika karatasi za shehena zilizoandikwa kabla ya kisima cha Drake kuchimbwa. Jifunze hapa kwamba hadithi tamu si ushahidi. Mwanahistoria huangalia tarehe kwanza.

Na sisi Afrika Mashariki tuliingiaje katika habari hii? Tuliingia kwa njia ya debe. Mafuta ya taa yaliletwa pwani yetu katika madebe ya bati, mawili katika kila kasha la mbao. Neno lenyewe debe lina asili yake katika lugha za Bara Hindi, walikotoka wafanyabiashara wengi waliotuuzia mafuta hayo. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Lilichotewa maji, lilipikiwa, lilipandwa maua. Lilikunjuliwa likaezekea nyumba. Lilitumika kupimia mahindi, na hata leo katika masoko mengi mkulima huuza kwa debe. Wagombea wa uchaguzi nao twasema kwamba wanakwenda debeni. Chombo cha mafuta kimeingia katika lugha yetu kwa nguvu kuliko mafuta yenyewe.

Wazee wetu walifundishwa kwamba debe la mafuta ni galoni nne. Lakini Mmarekani aliyelitia mafuta debe la namna hiyo alisema kwamba ni galoni tano. Nani aliyesema uongo? Hakuna. Mmoja alihesabu kwa galoni ya kifalme, na mwingine kwa galoni ya mvinyo. Galoni tano za Kimarekani ni galoni nne za kifalme na kidogo zaidi, yaani takriban sehemu moja ya sita ya galoni juu yake. Debe moja lilikuwa na majina mawili ya ukubwa, na yote mawili yalikuwa karibu na kweli.

Tumekwisha kuifahamu historia. Sasa hesabu itakuwa nyepesi. Chukua kalamu, tufanye pamoja. Pipa la biashara ya mafuta lina galoni 42, na kila galoni ya Kimarekani ina inchi 231 za ujazo. Zidisha 42 kwa 231, utapata inchi 9,702. Sasa zigawanye kwa ukubwa wa galoni ya kifalme, ambao kwa hesabu ya sasa ni inchi 277.42. Jibu ni 34.97. Basi pipa moja ni galoni 34.97 za kifalme, na kwa makisio ya haraka waweza kusema 35. Kwa lita, galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, na galoni ya kifalme ni lita 4.546, kwa hiyo pipa moja ni karibu lita 159.

Ukitaka kugeuza galoni za kifalme ziwe mapipa, gawanya kwa 34.97. Ukitaka kugeuza mapipa yawe galoni za kifalme, zidisha kwa namba hiyohiyo. Jaribu kwa debe: pipa moja ni kama madebe manane na robo tatu ya galoni nne nne. Jaribu kwa dramu ya chuma ambayo huonekana katika vituo vya petroli na ambayo wengi wetu pia huiita pipa. Dramu hiyo ni galoni 44 za kifalme, yaani lita 200. Gawanya 44 kwa 34.97, utaona kwamba ni pipa moja na robo. Kwa hiyo pipa unaloliona kwa macho si pipa linalotajwa katika habari. Jina ni moja, mapatano ni mawili.

Wanafunzi wengi wakiulizwa galoni 10,000 za kifalme ni mapipa mangapi, hukumbuka namba 42 na kugawanya kwa hiyo. Hupata mapipa 238. Jibu sahihi ni karibu mapipa 286. Mapipa 48 yamepotea, si kwa kuvuja, wala kwa kuibwa, bali kwa kutouliza swali moja: galoni ya nani? Hiyo ni sudusi nzima ya mali. Mfanyabiashara aliyepoteza sudusi ya mali yake katika kila shehena hana haja ya mwizi.

Liko jambo lingine linalowashangaza wengi. Hata baada ya kujua ukubwa wa pipa, wafanyabiashara wa mafuta huuliza joto lilikuwa kiasi gani wakati wa kupima. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yakipoa hunywea. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, mafuta ghafi hutanuka kadiri ya sehemu moja katika elfu, zaidi au pungufu kidogo kwa kufuata aina yake. Ukipima shehena wakati wa jua la mchana na mwenzako akaipima baada ya kupoa, kila mmoja atamwona mwenzake kuwa mwongo. Kwa sababu hiyo pipa la biashara huhesabiwa kana kwamba mafuta yako katika joto la digrii 60 za Farenhaiti, ambazo ni karibu digrii 15 na nusu za Selsiasi. Hayo nayo ni mapatano.

Pengine utasema moyoni kwamba makosa ya vipimo ni shida ya matajiri wanaobishana juu ya faida. Sikiliza basi yaliyotokea Kanada. Katika miaka hiyo nchi hiyo ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya kifalme kwenda vya metriki. Tarehe 23 Julai, 1983, ndege ya abiria ya shirika la Air Canada ilikuwa isafiri kutoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Vyombo vya kuonyesha mafuta vilikuwa vimeharibika, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti na kuhesabiwa kwa kalamu. Ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Katika matangi yake zilikuwamo lita 7,682. Swali lilikuwa: ziongezwe lita ngapi?

Ili kugeuza lita ziwe uzito, wahusika walizidisha kwa 1.77. Namba hiyo ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya ratili katika kila lita, si ya kilo. Namba ya kilo ilikuwa karibu 0.8. Kwa hesabu yao iliyopotea, ziliongezwa lita 4,917, badala ya lita zaidi ya 20,000. Kila mtu aliona 22,300 mwisho wa hesabu, akaridhika. Lakini zilikuwa ratili 22,300, chini ya nusu ya mafuta yaliyohitajika. Ndege ilipokuwa juu sana angani, injini zote mbili zilizima. Rubani Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliielekeza ndege ile nzito ikashuka bila injini, kama tai anayetua, mpaka wakaifikisha katika uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Watu 69 waliokuwamo walitoka hai. Waliokolewa na ustadi wa marubani; ilibakia kidogo tu waangamizwe na namba isiyoulizwa jina lake.

Turudi nyumbani. Kenya iliacha galoni na ratili katika miaka iliyofuata Uhuru, ikachukua lita na kilo, nasi leo twanunua petroli kwa lita. Lakini pipa halikuondoka. Mwaka wa 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mwaka wa 2018 malori yalianza kuyabeba kutoka Lokichar mpaka Mombasa, na mwezi wa Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka na shehena ya zaidi ya mapipa 200,000. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, huganda yakipoa, na lazima yatunzwe kwa joto njiani. Hapo waona jinsi mambo yote tuliyoyasema yanavyokutana katika mali yetu wenyewe: pipa la Pennsylvania, galoni ya mvinyo, lita ya metriki na kipimajoto.

Mali ya nchi ikiuzwa, lazima pawe na mtu wa nchi hiyo anayeweza kusimama kando ya tangi na kusema: mapipa ni haya, lita ni hizi, joto lilikuwa hivi, na hesabu yangu hii hapa. Mtu huyo hatatoka mbinguni. Atatoka katika darasa kama lako, na huenda akawa wewe. Ukifika hapo, usiogope kuonekana mjinga kwa kuuliza. Mnunuzi wa zamani wa pwani hakuona haya kuuliza kibaba cha mfuto au cha tele. Na wale wachimbaji wa Pennsylvania hawakustawi mpaka walipokubali kuulizwa swali hilo na kulijibu kwa maandishi.

Kwa hiyo kila utakapoona namba iliyoandikwa mbele ya jina la kipimo, iwe katika mtihani, katika mkataba au katika gazeti, uliza kwanza kipimo hicho kimetoka wapi na ni cha mapatano gani. Ukishajibiwa, ndipo ugawanye.